Uchambuzi: Joto, ukuta na baraza. Shule ya umma ya Juba na mtaa unaoizunguka

Mwezi Februari 2025 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa muda wa wiki 2 kwa sababu ya joto kali. Ilikuwa mara ya pili katika muda usiofika mwaka mmoja. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alieleza kwamba mjini Juba pekee wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakizirai kila siku. Mwezi Machi 2024 lilikuwa limetolewa agizo la namna hiyo hiyo, joto likitarajiwa kufika nyuzi 45 za Selsiasi, na shule yoyote ambayo ingekutwa wazi ilionywa kwamba ingefutiwa usajili.

Agizo hilo liliwaondoa watoto kwenye hatari ya kuanguka darasani. Lakini wazazi walishauriwa pia wasiwaache watoto wao wacheze nje, na nyumba nyingi za Juba zimeezekwa kwa bati lile lile lililoezeka madarasa. Mtoto alitolewa chini ya bati moja akapelekwa chini ya bati jingine. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza chai au mboga alibaki na swali ambalo hakuna tangazo lililolijibu: mtoto akae wapi, na nani wa kumwangalia?

Swali hilo la mama mmoja linaufungua mjadala mpana zaidi. Shule ya umma katika mji kama Juba ni ya nani, imejengwa kwa ajili ya nani, na mtaa unaoizunguka una sehemu gani ndani yake? Ili tusizungumze hewani, tuuchukue mtaa mmoja uwe kipimo chetu: Thongpiny.

Mtaa wa kuta

Thongpiny umepakana na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Juba. Msafiri anayeshuka kwenye ndege huupita kabla hajaiona sehemu kubwa ya mji. Hapo ipo kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, zipo hoteli, na zipo ofisi za mashirika ya misaada. Sura ya mtaa ni ya kuta: kuta ndefu, juu yake waya wenye miba, mageti ya chuma, na mlinzi ameketi kivulini. Kati ya kuta hizo wanaishi watu wa kawaida: wauza chai, waendesha bodaboda, mafundi, watumishi wa serikali, na wafanyabiashara waliotoka Uganda, Kenya, Ethiopia na kwingineko.

Kuta hizo zina historia yake. Vita vilipozuka mjini Juba tarehe 15 Desemba 2013, maelfu ya raia walikimbilia ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa ya Thongpiny, ambayo taarifa nyingi za kigeni huiandika Tomping. Waliishi humo kwa miezi mingi, katika msongamano mkubwa. Mvua za mwaka 2014 zililigeuza eneo hilo kuwa tope na madimbwi, mpaka watu hao wakahamishiwa kambi nyingine ya Umoja wa Mataifa upande wa mlima wa Jebel Kujur. Mtu aliyeokolewa na ukuta hawezi kuambiwa kirahisi kwamba ukuta ni adui yake. Yeyote anayezungumza habari ya kuifungua shule kwa jamii lazima aanze kwa kulikubali jambo hilo.

Hata hivyo, shule ya umma haiwezi kuiga ngome za majirani zake. Shirika la kimataifa lina bajeti ya walinzi, ya jenereta na ya gari la maji. Shule ya umma haina. Mwalimu mkuu wake aghalabu hana hata fedha ya kununua kufuli jipya. Utajiri pekee wa shule hiyo ni watu wanaoizunguka. Wao ndio wanaoweza kuona mlango umevunjwa usiku, kuziba paa kabla ya mvua, na kusimama mbele ya mtu anayekuja na karatasi akidai kiwanja ni chake. Lakini jirani hajitoi kwa ajili ya mahali asipopajua na asipopata kitu. Hapo ndipo usanifu wa majengo unapoingia katika siasa ya elimu: namna shule inavyojengwa huamua kama itakuwa na watu wa kuitetea.

Paa linalopumua

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linaloua masomo kila mwaka. Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Jua la asubuhi hupiga kuta za mashariki na jua la alasiri hupiga kuta za magharibi, na la mchana hukaa karibu juu ya kichwa. Fundi yeyote mzoefu wa ukanda huu anajua maana yake: jengo lirefushwe kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta fupi zielekee jua, na madirisha yawe upande wa kaskazini na kusini, yakitazamana ili upepo upite. Madarasa mengi hayajengwi hivyo. Huelekezwa kufuata barabara au kufuata umbo la kiwanja, yakaezekwa bati bila dari, na bati likishapata moto humwaga joto moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto 80 au zaidi.

Dawa yake inajulikana, na imejaribiwa barani Afrika kwa fedha kidogo. Katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, msanifu Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za matofali ya udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Juu ya madarasa kuna dari yenye matundu, na juu ya dari, kwa nafasi ya kutosha, kuna paa pana la bati lililoinuliwa kwa fito za chuma. Hewa ya moto hupanda na kutoka kupitia nafasi hiyo, na paa lililojitokeza nje huzikinga kuta na jua na mvua. Wanakijiji wenyewe walileta mawe, walifyatua matofali na kuishindilia sakafu. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo.

Karibu zaidi na Juba, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, msanifu huyo huyo alibuni chuo cha teknolojia kwa vijana kilichokamilika mwaka 2021. Kina minara mirefu ya kutolea hewa iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu vya mchwa. Turkana imepakana na Sudan Kusini, na joto lake linafanana na la huko. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba elimu hii iko mbali au ni ya watu wa Ulaya.

Zipo sauti, zikiwemo za wasomi wa Chuo Kikuu cha Juba, zinazopendekeza kalenda ya masomo ibadilishwe ili watoto wasiwe darasani katika miezi ya joto kali. Pendekezo hilo lina uzito wake. Lakini kalenda peke yake huhamisha tatizo, kwa sababu masomo yakisogezwa yote kwenye miezi ya mvua, yatakutana na barabara zisizopitika na viwanja vilivyojaa maji. Kuezeka bati bila dari ndiyo gharama ndogo siku ya ujenzi. Deni linalobaki hulipwa kila Februari na Machi, na wanaolilipa ni watoto.

Miti nayo ihesabiwe kuwa sehemu ya jengo. Sudan Kusini ina madarasa mengi ambayo hadi leo hufanyika chini ya mti, na hilo huhesabiwa kuwa aibu. Ni kweli kwamba mti hauzuii mvua. Lakini wazee waliochagua kukutana chini ya mti hawakukosea, kwani kivuli cha mwembe au cha mwarobaini ni cha baridi kuliko chumba cha bati. Shule inayopanda miti yake mwaka ule ule inapochimba msingi itakuwa na uwanja wa kukaa mchana kabla watoto wa darasa la 1 hawajamaliza darasa la 8.

Somo la baraza

Tugeukie sasa ule mvutano mgumu tulioutaja, kati ya uwazi na usalama. Wasomaji wetu wa pwani wana jibu la mababu zao. Nyumba ya jadi ya Waswahili, Lamu au Unguja, haikufungwa kabisa kwa mtaa, wala haikuachwa wazi kabisa. Mbele yake kuna baraza, yaani benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, mahali ambapo mgeni, jirani na mpita njia huketi, husalimiana na kupewa kahawa. Anayestahili huingia hatua moja zaidi. Ndani kabisa ni pa wenyewe. Heshima ya nyumba haikulindwa kwa kuwafukuza watu mlangoni. Ililindwa kwa kuwapa mahali pao pa kukaa.

Shule ya umma ya Thongpiny inaweza kujengwa kwa mantiki hiyo hiyo, katika ngazi 3. Ngazi ya kwanza ni upande wa barabara: kivuli chenye mabenchi, bomba la maji, ofisi ya mwalimu mkuu, na chumba kimoja kikubwa chenye mlango wake wa nje. Ngazi ya pili ni uwanja, ambao mtaa unaweza kuutumia kwa saa maalumu, jioni na mwisho wa wiki. Ngazi ya tatu ni madarasa na vyoo, ambavyo baada ya saa za masomo hufungwa. Vyoo vya wasichana viwe mahali panapoonekana na walimu lakini visivyopitiwa na wageni. Wasichana wengi huacha masomo wanapobaleghe, na choo kisicho na mlango ni mojawapo ya sababu ambazo wazazi hawazisemi hadharani.

Chumba kile kikubwa kina kazi yake kisheria. Ibara ya 29 ya Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inaziagiza ngazi zote za serikali kutoa elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na pia kuendesha bila malipo mipango ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Katika nchi ambayo takriban theluthi moja tu ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, darasa la jioni la akina mama na vijana ni wajibu wa kikatiba. Mama anayejifunza kusoma katika chumba hicho saa 11 jioni ataijua shule ya mwanawe kwa ndani. Ataona paa linapovuja, na atajua kama mwalimu alifika kazini.

Maji nayo huleta ujirani. Wakazi wengi wa Juba hununua maji yanayoletwa na magari, na bei yake hupanda mafuta yanapopanda. Mji huo hupata mvua ya karibu milimita 950 kwa mwaka. Jengo la madarasa 4 lenye paa la mita za mraba 240 linaweza, kwa hesabu ya kawaida, kupokea zaidi ya lita 200,000 kwa mwaka kabla ya kutoa kinachopotea. Kwa kuwa mvua hiyo ina msimu wake, tangi kubwa halitaondoa kiu yote ya ukame. Lakini tangi lenye bomba linalotazama barabarani, na kamati inayosimamia foleni, huwapa majirani sababu ya kila siku ya kuitakia shule mema.

Usalama hauachwi kwa imani peke yake. Sudan Kusini iliridhia Azimio la Shule Salama mwaka 2015, ambalo linataka majengo ya elimu yasitumiwe kijeshi. Wakati wa vita, shule katika majimbo mbalimbali zilikaliwa na wenye silaha. Kwa hiyo milango inapofunguliwa kwa jamii, lazima kuwe na masharti yanayoandikwa ukutani na kusomwa kwa sauti katika mikutano: silaha haziingii, mikutano ya vyama haifanyiki hapo, na hakuna mtu anayelala katika madarasa ila kwa dharura iliyokubaliwa. Uwazi usio na masharti ungewatia wazazi hofu, na wangekuwa na haki.

Nani ataitetea ardhi?

Ardhi ndiyo inayotamaniwa zaidi katika mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege. Kila kiwanja kina thamani kwa mwenye hoteli au ghala, na kiwanja cha shule kinachoonekana kitupu humvutia mwenye tamaa. Migogoro juu ya ardhi ya shule za umma si migeni mjini Juba.

Mfano unaokumbukwa zaidi Afrika Mashariki ni wa Nairobi. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa kuutenga uwanja wao wa michezo. Watoto, pamoja na wanaharakati, waliusukuma ukuta huo mpaka ukaanguka. Polisi waliokuwa na mbwa waliwafyatulia watoto mabomu ya machozi. Picha za siku hiyo zilienea duniani, uwanja ukarudishwa, na serikali ikaharakisha kazi ya kuzipatia shule za umma hati miliki.

Kisa hicho kina mafunzo 2. La kwanza ni la karatasi: shule isiyo na hati miliki ni mgeni katika kiwanja chake. Kabla ya tofali la kwanza kulazwa Thongpiny, mipaka ipimwe na hati iandikwe kwa jina la shule. La pili ni la watu. Karatasi haikuuangusha ule ukuta. Waliouangusha ni watoto na wakubwa waliouhesabu uwanja kuwa wao. Uwanja unaochezewa mpira kila jioni na vijana wa mtaa ni vigumu kuuzwa usiku mmoja, kwa sababu asubuhi yake watauliza mpira uchezwe wapi.

Ushirika usigeuke kuwa karo

Hapa lazima tutoe onyo, kwa sababu eneo letu limeshayapitia haya. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu shule iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na maisha yake yafungamane na ya kijiji. Wazo hilo lilijenga kizazi. Lakini wasomaji wetu waliosoma Tanzania wanakumbuka pia pale ambapo shamba la shule liligeuka kuwa shamba la mwalimu, na kujitegemea kukawa kuchota maji ya nyumba ya mtu mwingine.

Kenya nayo, baada ya uhuru wa mwaka 1963, ilipata shule nyingi za Harambee zilizojengwa kwa michango ya wananchi. Zilifungua mlango kwa maelfu waliokuwa wameachwa nje. Hata hivyo, eneo lenye kahawa na chai lilijenga shule imara, na eneo kavu la wafugaji likapata vyumba 2 visivyo na mwalimu. Tanzania iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2001, kisha ikapeleka ruzuku kwenye akaunti za shule chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na kamati za shule zikatakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Bado michango iliendelea kurudi kwa majina mapya, hadi Rais John Magufuli alipoipiga marufuku ile ya lazima mwaka 2018.

Sudan Kusini haikuanza jana kujaribu njia hiyo. Tangu mwaka 2013 mpango wa kusaidia elimu ya wasichana, uliofadhiliwa na Uingereza, ulitoa ruzuku kwa shule zenye kamati na mpango wa matumizi, na fedha taslimu kwa wasichana wa madarasa ya juu. Kamati zikawa na kitu halisi cha kusimamia. Lakini mpango wa mfadhili una mwisho wake, na bajeti ya serikali imeyumba sana tangu bomba la mafuta linalopita Sudan lilipopasuka mwezi Februari 2024. Watumishi wa umma, walimu wakiwemo, wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Mantiki ni hii: jamii inaweza kutoa kivuli, ulinzi, usimamizi na nguvu za mikono. Haiwezi kuwa mbadala wa mshahara wa mwalimu. Serikali ikitumia neno ushirikishwaji kumtwisha muuza chai gharama ambazo katiba imeziweka juu yake, shule itakuwa imefunguliwa kwa jirani mwenye fedha na kufungwa kwa jirani maskini. Mtoto wa huyo maskini ataongezeka kwenye idadi ya watoto wasio shuleni, ambao Umoja wa Mataifa unawakadiria kuwa milioni 2.8 nchini humo.

Watoto gani, lugha gani?

Neno jamii lenyewe halina maana moja Thongpiny. Tangu vita vya Sudan vilipoanza mwezi Aprili 2023, zaidi ya watu milioni 1 wamevuka mpaka kuingia Sudan Kusini, wengi wao wakiwa raia wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Khartoum na miji mingine. Watoto wao walisoma kwa Kiarabu. Sera ya nchi inataka lugha za taifa zitumike katika madarasa ya awali hadi darasa la 3, na Kiingereza kitumike kufundishia kuanzia darasa la 4. Katika mtaa uliochanganyika, darasa moja huwa na mtoto wa Kidinka, wa Kibari, wa Kinuer, na aliyekulia Khartoum. Lugha inayowakutanisha uwanjani ni Kiarabu cha Juba. Kiswahili nacho kimo, kupitia wafanyabiashara na familia zilizorudi kutoka Kenya na Uganda, na uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016 umeleta mjadala wa kukifundisha shuleni.

Kwa hiyo shule inayodai kuunganika na mtaa lazima iwaulize wazazi kwa lugha wanazozielewa. Mkutano wa kamati unaoendeshwa kwa Kiingereza huwaita walewale 5 kila mara. Tangazo la mapato na matumizi lililobandikwa kwa lugha moja huwaficha fedha wale ambao hawaisomi.

Wengi wa wasikilizaji wetu wenye asili ya Sudan Kusini wamewahi kuyaishi haya. Walijifunza Kiswahili Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini magharibi mwa Kenya mwaka 1992, ambako shule zilikuwa ndani ya kambi na Waturkana wenyeji walikuwa nje wakitazama. Uhasama uliotokana na mgawanyo huo ulikuwa sehemu ya sababu za makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, kupangwa tangu mwanzo ili mkimbizi na mwenyeji watumie shule na zahanati zile zile. Umaskini haukuondoka kwa hilo. Lakini liliwekwa wazi jambo ambalo Thongpiny inalihitaji: huduma inayotenga upande mmoja wa uzio hujenga chuki upande wa pili.

Wajibu wa walio mbali

Ughaibuni kuna desturi ya kuchangia shule nyumbani, na imezaa matunda. Valentino Achak Deng, aliyekulia katika kambi za wakimbizi kisha akahamia Marekani, alirudi kijijini kwake Marial Bai na kufungua shule ya sekondari mwaka 2009, kwa fedha zilizotokana na kitabu kilichosimulia maisha yake. Michango ya namna hiyo itaendelea. Anayetaka kuchangia anaweza kuuliza maswali machache kabla ya kutuma fedha. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Paa lina dari? Vyoo vya wasichana viko wapi? Kamati ilichaguliwa na nani, na hesabu zake zinasomwa kwa lugha gani? Baada ya saa 10 jioni, nani ana ufunguo?

Swali hilo la mwisho halihusu Juba pekee. Wasikilizaji wetu walioko kusini mashariki mwa Melbourne wanaweza kuwa wanaijua Doveton College, shule ya umma iliyofunguliwa mwaka 2012, ambayo inapokea watoto tangu uchanga hadi darasa la 9 na kuwapa wazazi huduma na mafunzo katika eneo hilo hilo. Nchi tajiri imegundua kwamba mtoto hafiki shuleni peke yake, huja na nyumba yake. Nchi maskini haina sababu ya kungoja utajiri ili kulijua hilo, kwani mababu walilijua walipojenga baraza mbele ya mlango.

Ukame utarudi, kwa kuwa Desemba haikosi kufuatwa na Februari. Joto likipanda tena, wizara inaweza kutoa agizo la tatu na kufunga milango. Au inaweza kuanza sasa, kwa shule chache za mfano, kuinua mapaa, kupanda miembe, kupima viwanja na kuweka mabenchi upande wa barabara, ili siku ya joto kali mama wa Thongpiny amwache mwanawe mahali palipo na kivuli kuliko nyumbani kwake, penye maji, na penye mtu mzima anayemfahamu kwa jina.